Nguo za Wakili

Binti wa dobi alirudi kutoka darasani akamkuta mwenzake wa chumba anakunja godoro. Huyu bweni zima lilimwita Wakili, kwa jinsi alivyopenda kubishana. Tangu chuo kifunguliwe, ndiye mtu pekee aliyekula meza moja na binti wa dobi.

"Unahama, dada?"

"Ghorofa ya juu kuna kitanda kitupu. Nimeshamwambia matroni."

Binti wa dobi alibaki mlangoni, begi begani. Asubuhi walicheka pamoja. Baada ya hapo alifua tu. Alikuwa na nguo zake za kuloweka, akaona za Wakili zimerundikana kitini, akazizoa zote, za ndani humo humo. Akazianika nyuma ya bweni, akaenda zake darasani na moyo mweupe.

"Ni zile nguo? Hazijatakata?"

"Umezichukua bila kuniuliza. Napita pale na wenzangu, sidiria yangu inapepea kama bendera. Mmoja ananiambia, 'Kumbe umepata mtumishi.'"

"Si mimi niliyetukanwa hapo?"

"Ndiyo. Sasa mbona huoni vibaya?"

Nyumbani kwa binti wa dobi, nguo za mtaa mzima hupita mikononi mwa baba yake, na hakuna shati la mteja linalopokelewa bila maswali: lipigwe pasi au likunjwe tu, litiwe wanga au lisitiwe. Nguo za ndugu hazina maswali. Anayewahi beseni huzoa za wote. Siku dada yake mkubwa, akiwa amenuna, alipomuuliza, "Nikufulie?", binti wa dobi alilia mpaka mama yao akaingilia kati. Wakili naye alikulia katika nyumba ambako hata mama hubisha hodi chumbani kwa mwanawe, akangoja aitikiwe.

Alijaribu kueleza, maneno yakamtoka kombo.

"Kwetu nikikuuliza, ni kama sikujui."

"Kwetu usiponiuliza, ni kama sipo."

"Sasa nifanyeje?"

"Uliza tu, mama. Itakupunguzia nini?"

Binti wa dobi alitazama mbao tupu za kitanda, kisha shuka iliyotupwa sakafuni.

"Samahani, dada. Naomba nikufulie hiyo shuka?"

Sauti ilimtoka ile ile ya kupokelea wateja kwa baba yake. Ya kuulizia nguo hakuwa na nyingine.

Wakili aliiachia kamba aliyokuwa akifungia godoro. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwenzake aingie.

"Ndiyo, rafiki yangu. Asante kwa kuuliza."

Akaanza kulikunjua godoro, huku akiimba kwa sauti ya chini. Binti wa dobi aliiokota shuka, akashuka nayo ngazi polepole, asijue kama amebaki na rafiki au amepata mteja.