Kilo Tisini na Sita za Dafroza

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Dafroza Masatu anakimbia kwenye barabara ya vumbi itokayo Mugango kwenda Kiabakari. Si mbio za kumwacha mtu nyuma. Hata kuku wa barabarani wanampisha bila haraka. Amefunga kanga mbili, amevaa raba za mtumba za kiume, na mkononi ana ndoo tupu.

"Ndoo ni ya kuzuia maswali," anasema akihema. "Mwanamke wa miaka arobaini na minne akikimbia mikono mitupu, watu wanatoka nje kuuliza nani kafa. Akiwa na ndoo, wanajua anawahi kitu. Kwetu Mugango siku hizi wanajua, ila huku mbele bado."

Saa mbili kamili yuko mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, chini ya boriti yenye mzani wa kuning'iniza. Wavuvi wanapanga foleni na sangara wao. Yeye anasoma mshale, anataja kilo kwa sauti, anaandika. Mwajiri wake ni Danford, mnunuzi anayepeleka samaki mjini Musoma kwa gari la barafu. Anamlipa shilingi elfu tisa kwa mwezi.

Kazi hiyo ndiyo nusura impotee Juni mwaka huu wa 1993, na hakuwa ameiba hata gramu moja.

Mambo yalianza miaka ile ya shida, sukari ilipopatikana kwa kibali na saruji kwa barua ya mkubwa. Wanunuzi walikuja mwaloni na mizani yao, na wavuvi hawakuwa na kitu chenye uzito uliojulikana cha kuipimia. Mwaka 1984 Dafroza alirudi kutoka hospitali Musoma na kadi iliyoandikwa kilo tisini na sita.

Mzee Alfonce, msemaji wa wavuvi, aliishika ile kadi akaisoma mara mbili. "Tunatafuta jiwe la mzani siku zote," akawaambia wenzake, "kumbe jiwe lenyewe linatembea na kuongea!"

Wakamfungia kamba kama bembea, wakamkalisha, wakamning'iniza. Mshale ukasimama kwenye tisini na sita. Tangu siku hiyo, kila mzani mpya uliofika Mugango ulipimwa kwanza kwa Dafroza. Na yeye, kwa miaka tisa, hakupanda wala kushuka kilo zaidi ya moja.

"Nilikuwaga najivunia," anakiri. "Wanaume wazima wanabishana, halafu mtu anasema, mleteni Mama Pelagia akae. Nikikaa tu, ugomvi umekwisha."

Uzito ulikuwa na mwenzake. Dafroza alivuta sigara kumi na mbili kwa siku, tena kwa kugeuza, moto ndani ya mdomo, kama wanavyofanya wanawake wengi wa rika lake. Upepo wa ziwa hauizimi, na mikono inabaki huru kuandika. Zaidi ya theluthi ya mshahara iliishia hapo.

Desemba iliyopita dada yake Marieta, aliyekuwa akivuta naye tangu usichana, alianguka jikoni kwake Kigera. Mkono na mguu wa kulia vikakataa. Dafroza alimuuguza wiki mbili, na alipopimwa na yeye, daktari hakumficha. Presha ilikuwa juu mno.

"Alisema niache sigara na nipunguze mwili. La sivyo, nitafute kitanda karibu na cha dada."

Jumatano ya Majivu aliingia kanisani, akatoka, na hakuwasha tena. Hakumwambia mtu isipokuwa binti yake Pelagia. Wengi walidhani ni mfungo tu, na kwamba Pasaka ikipita atarudi. Ugali wa jioni akaupunguza nusu, asubuhi akawa anakimbia na ndoo yake.

"Wiki ya kwanza nilimgombeza kila mtu, hata mbuzi. Ulimi unatafuta ule moto, hauupati. Nilitafunaga mihogo mibichi mpaka taya zikaniuma."

Uzito hakuupima. Aliogopa kukuta jasho lote lile limekwenda bure, akajiambia labda imepungua kilo moja.

Juni, Danford akaleta mzani mpya. Kamba ikafungwa, Dafroza akakaa. Mshale ukapita themanini, ukatetemeka, ukasimama kwenye themanini na tisa.

Mzee Alfonce aliusogelea mpaka pua ikagusa kioo. "Danford," alisema taratibu, "kilo zetu saba umezipeleka wapi?"

"Mzee, mzani umetoka dukani jana! Haujaguswa!"

"Ndiyo maana unaiba vizuri, una nguvu za ujana."

Wavuvi wakacheka, lakini hakuna aliyetoa samaki wake. Barafu ikaanza kuchuruzika chini ya gari. Mmoja akasema wazi kwamba hata mpimaji lazima anajua, maana analipwa na huyo huyo.

Dafroza alishuka kwenye kamba. Mzee Alfonce, ambaye hakuwa na ubaya naye, akamtolea sigara. "Vuta kwanza, mama, akili irudi. Kisha utuambie."

"Niliitaka," anasema Dafroza. "Nisikudanganye. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka chakula."

Aliirudisha. "Sivuti, mzee. Niliacha tangu Majivu. Na ninakimbia asubuhi. Mzani hauna kosa, ni mimi nimepungua."

Nyuma mtu akanong'ona kuhusu ugonjwa. Mwingine akasema kwa sauti kwamba Danford amemnunua mama wa watu kwa bei ya samaki wawili.

"Basi acheni kunipima mimi!" Dafroza akapaza sauti, yeye ambaye sauti yake ilizoeleka kutaja kilo tu. "Dukani kwa Jilala kuna saruji. Siku hizi inauzwa kama chumvi. Mfuko umeshonwa kiwandani, kilo hamsini. Kauleteni!"

Mfuko ukaletwa kwa baiskeli, ukatundikwa. Mshale ukasimama kwenye hamsini, haukuteleza huku wala kule. Mzee Alfonce akautundua, akautundika tena, akautundika mara ya tatu. Kisha akamgeukia Dafroza na kumtazama kuanzia raba mpaka kilemba.

"Kumbe kweli umepungua, mama yetu. Sisi tulikuwa tunakuangalia kila siku, hatukukuona."

Samaki wakapimwa. Lakini maneno hayakuishia hapo. Wiki iliyofuata Mzee Alfonce alimfuata nyumbani na mkungu wa ndizi na ombi: arudi kwenye tisini na sita.

"Saruji inashika unyevu wa ziwa," alimweleza. "Baada ya miezi miwili si hamsini tena. Wewe tulikuzoea. Kula tu, mama, sisi tutachangia."

Dafroza alipokea ndizi, akamkaribisha uji usio na sukari, akakataa ombi. Akamshauri wavuvi wachange wanunue mawe ya chuma yaliyopigwa muhuri wa serikali. Mchango umeanza, na Mzee Alfonce ndiye anayeukusanya.

Wiki iliyopita Dafroza alikaa kwenye kamba kwa mara ya kwanza kwa hiari yake. Themanini na nne. Anataka kufika sabini na tano kabla ya Majivu ijayo, na presha yake, kwa kadi ya mwisho, imeanza kushuka. Hajavuta kwa miezi saba, ingawa harufu ya sigara ya mwenzake bado humgeuza shingo.

"Miaka tisa nilibeba kilo za watu wote hapa mwaloni," anasema akifunga daftari. "Mawe yao yakifika watayatundika wao. Hizi zilizobaki ni zangu, na nitazipunguza nipendavyo."