Kitanda cha Kuazima

Siku wageni wa mkoa walipokuja kukagua zahanati yetu, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya rangi mbichi ukutani. Nilikuwaga na miaka ishirini na sita, katibu wa kamati ya ujenzi, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Kalamu mbili! Sijui nilitaka kuandika na mikono yote.

Halmashauri ilikuwa imeshaandika kwenye taarifa kwamba zahanati imekamilika, chumba cha kujifungulia kina vifaa vyake vyote. Chumba kweli kilikuwepo. Kitanda cha kuzalishia hakikuwepo. Siku mbili kabla ya ukaguzi diwani akaja, akasema wageni wasikute chumba kitupu, kijiji kitaaibika. Na unatujua watu wa huku ziwani: mgeni akija nawe huna kitu, jirani anakuazima kiti, sufuria, mpaka sato wa kumkaangia. Tukaona na kitanda ni hivyo hivyo. Tukaenda vijana wanne zahanati ya kijiji cha pili, tukaazima chao, tukakibeba mabegani huku tunaimba. Naona aibu kukwambia, lakini tuliimba.

Wageni wakaingia, wakatazama, wakaandika. Kisha mkubwa wao akauliza hadharani, kijiji kizima kimekaa uwanjani: "Kuna tatizo lolote? Semeni, ndiyo kazi iliyotuleta."

Mama Masatu, mkunga aliyetuzalisha karibu wote pale, akanyoosha mkono na kuanza kuinuka. Nikamwahi, nikamshika bega.

"Mama, kaa chini. Usituaibishe mbele ya wageni."

Akanitazama, akakaa. Nikajibu mwenyewe: "Hakuna tatizo, mheshimiwa. Tunashukuru." Makofi yakapigwa. Kesho yake tukarudisha kitanda cha watu.

Haukupita mwezi, mke wangu Nyangeta akashikwa na uchungu. Nilikuwa nimemuoa Bunda, kwa wakulima wa pamba, na huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Nikamkimbiza zahanati. Mwanangu, nilifungua mlango wa kile chumba. Sakafu tupu! Mimi niliyekitoa kwa mikono yangu nikamuuliza muuguzi, "Kitanda kiko wapi?"

Akanikodolea macho. "Kaka, si mmekirudisha? Nimeomba vifaa mara mbili. Nimejibiwa vipo, na kwamba katibu wa kamati mwenyewe alisema hakuna tatizo."

Katibu wa kamati mwenyewe. Mimi.

Nyangeta alijifungua kwenye saruji, juu ya khanga mbili, muuguzi na Mama Masatu wamepiga magoti. Gari la kumpeleka Musoma lilikuwa bado njiani. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Walimpangusa, wakampulizia mdomoni, wakampulizia tena. Kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua kilikuwepo kwenye taarifa tu.

Nje, Mama Masatu akinawa mikono, aliniambia taratibu: "Siku ile nilitaka kutaja vitu viwili tu, kitanda na kifaa cha kumpa mtoto pumzi. Ukanikalisha." Afadhali angenitukana.

Miaka imepita, nina wajukuu, lakini jana ulipokuja kuniomba ng'ombe wangu wavute mkokoteni, mkaazime madawati ya shule ya jirani kwa sababu wakaguzi wanakuja, moyo ulinipasuka. Ulikuwa unacheka! Nilikufukuza kwa ukali, nisamehe. Ng'ombe sikupi.

Nisikilize sasa. Mkaguzi si mgeni wa kukaangiwa samaki. Amekuja kuona mlivyo, basi muacheni aone watoto wamekaa chini. Diwani akinuna, anune. Taarifa ya halmashauri isomwe mkutanoni kwa sauti, na kila kilichoandikwa muende mkakishike kwa mkono. Na akiinuka bibi, au mama mwenye mtoto mgongoni, akasema hiki hakipo, usimkalishe hata kama anakuaibisha. Simama naye. Aibu ya nusu saa utaisahau. Mimi hii yangu naamka nayo kila siku.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kinywa cha kusema na masikio ya kusikia wenzako. Akupe na watoto, na kila mmoja umsikie akilia siku anayozaliwa.