Silvana Alimfuta Silvana

Tulimfungua marehemu kwenye kompyuta, akatutazama mtoto mchanga anacheka.

Wallahi situngi.

Marehemu ni binti yangu, Silvana. Alifia uzazi. Mtoto akapona, tukampa jina la mama yake lisipotee.

Mumewe, Adriano, alikuwa na studio ya picha pale mtaa wa Mazwi, miaka ile kompyuta za kuhesabu mjini. Picha ya mkewe aliipiga moja tu: binti yangu kasimama mlangoni na ungo wa ulezi. Haikusafishwa, ikabaki ndani ya kompyuta tu. "Tutaisafisha tukivuna," walisema.

Kisha Adriano akanunua kompyuta mpya. Picha zilikuwa nyingi, kila moja kaipa jina la mtu wake. Akaandika programu ya kunakili: iingie kila folda, na folda zilizo ndani yake, ikusanye picha zote kwenye folda moja.

"Utakodoa macho hapo mpaka lini, baba?" nikamuuliza.

"Mama, mimi nakunywa chai tu. Inapiga kazi yenyewe!"

Ilipomaliza, akaifuta ile ya zamani yote, akaiuza kwa mtu wa Milanzi.

Misa ya mwaka ya marehemu ikakaribia. Nikaenda kuchukua picha ya kuweka mezani.

Adriano akabofya jina la Silvana. Mtoto akacheka, na nguo yake ya ubatizo.

"Huyo mjukuu wangu. Nipe mama yake."

Akabofya tena. Akatafuta. Akateremsha orodha yote mpaka mwisho.

"Mama... Silvana yuko mmoja tu."

Mama na mwana walikuwa folda mbalimbali. Walipokutanishwa, jina ni lile lile, wa pili akakaa juu ya wa kwanza, akamfuta. Mashine haikuuliza. Adriano hakuiambia iulize.

Siku ya misa nikakuta fremu mezani. Picha ile ile ya mtoto, ila Adriano kaifanya nyeusi na nyeupe, ionekane ya zamani.

"Silvana alipokuwa mchanga," akawaambia watu. Hanitazami.

Mdogo wangu Kristiana akaangua kilio. "Jamani! Mtoto na mamaye, shilingi kwa ya pili!"

Sikumuumbua mkwe wangu; nikawasha mshumaa mbele ya fremu.

Sasa mjukuu anasoma. Kabla ya kwenda shule huipangusa ile fremu kwa kanga yangu.

"Shikamoo, mama."

Anajiamkia mwenyewe.

Wanangu mnaonakili vitu, msifute cha zamani kabla hamjafungua kipya mkakitazama. Kilichofutwa hakirudi. Kinachokaa mahali pake ni uongo, nao unakua pamoja na mtoto.