Mwenye Jumapili

Abner Nyasani alikuwa na siku moja katika wiki, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Migomba alikuwa nayo kama kila mtu. Kilichomfanya atembee ameinua kidevu katika soko la Birongo ni hiyo Jumapili yake, aliyoirithi kwa baba yake kama mtu anavyorithi shamba.

Mambo yalikuwa hivi. Chini ya mteremko, pale kijito kinapopinda, palikuwa na kinu cha maji. Wazee wa mlima ule walikichimbia mfereji tangu enzi za Mzungu, wakapata mawe mawili ya kusagia kwa mchango, na kwa sababu hakuna aliyeweza kudai kinu kizima, wakagawana siku. Mwenye siku alisimamia kinu siku yake, na kila aliyeleta debe la mahindi au wimbi alimwachia kopo moja la unga. Mfereji nao uligawanywa vipande. Kila mwenye siku alikuwa na kipande chake cha kufyeka, kuzibua na kujenga kingo, na kipande kikiharibika ni juu yake mwenyewe. Mahindi mapya yakikomaa kabla maji hayajapita kwenye kipande chako, siku yako ilichukuliwa, ikagawiwa wengine. Hiyo ndiyo sheria, na haikuandikwa mahali popote kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuisahau.

Dini ilipoingia haikuuvuruga mgao huo, iliusaidia. Thadeus, Mkatoliki, alishika Jumamosi. Abner, Msabato, alishika Jumapili. Jirani yake Ogari, ambaye hakuwa na haja na kanisa lolote, alishika siku ya kutangulia soko, na siku zilizobaki zilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo kinu hakikupumzika hata siku ambayo Mungu mwenyewe alipumzika. Wenye mizaha walimwita Abner Bwana Jumapili, jina baya kwa Msabato, naye alilivumilia.

Alibatizwa mtoni mwaka wa sitini na mbili, na pombe ya busaa akaiacha siku hiyohiyo. Kwa hilo hawakumlaumu. Kilichowauma watu ni kwamba aliacha na risaga. Risaga ni kazi ya majirani: shamba likimshinda mtu, hupika busaa, huita mlima mzima, watu huja na majembe alfajiri, hulima hadi jua la utosi, kisha hukaa chini na vyungu vikaletwa. Hakuna anayelipwa. Leo kwangu, kesho kwako. Abner alifikiri kwamba akienda kulima atakuwa amekitumikia chungu, na akikaa baada ya kazi atakuwa amekaa barazani pa walevi. Akaona njia safi ni kutokwenda kabisa.

Ogari alimfuata nyumbani. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno, mwenye mazoea ya kuzungumza huku akichonga kijiti kwa kisu.

"Mwana wa Nyasani, njoo ulime tu," alisema. "Pombe hatukulazimishi. Wewe tutakuwekea uji."

"Mzee Ogari, mtu haendi motoni akasema hataki kuota."

"Uji hauna moto."

"Asante, Mzee. Nitakuombea."

Ogari akaenda zake. Kuombewa hakukumuudhi, lakini wimbi lake lilikuwa na magugu hadi magotini, na maombi hayapalilii.

Sasa Drusilla, mkewe Abner, alibatizwa katika maji yaleyale, siku ileile, na pombe hakuigusa tena maishani. Lakini yeye risaga alienda. Aliamka, akafunga leso kiunoni, akachukua jembe, akalima mashamba ya watu hadi vyungu vilipoonekana vinatoka jikoni, ndipo alipoaga na kurudi nyumbani. Abner alinung'unika. Alisema mke wake anachoka bure kwa mashamba ya walevi na la kwao linangoja.

"Jembe halilewi, Baba Ratemo," Drusilla alimjibu, kwa kuwa Ratemo ndiye aliyekuwa kifungua mimba wao. Akaenda.

Ikawa hivyo miaka sita. Abner alilima peke yake, akapalilia peke yake, na alijivunia kwamba hana deni la mtu. Kweli hakuwa nalo. Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba hata kwake hakuna aliyekuwa na deni. Hilo alikuja kulijua mvua za masika za mwaka wa sitini na nane.

Mvua hizo zilinyesha kama zimetumwa. Asubuhi moja watu walioshuka kuteka maji walikuta mlima umeporomoka juu ya mfereji, na kati ya vipande vyote, uliporomokea kipande cha Abner. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake jiwe kubwa kama kibanda cha mbuzi lilikuwa limekaa limetulia. Gurudumu la kinu lilisimama. Abner alilitazama jiwe lile.

Thadeus na Ogari walikuja kuona. Thadeus, mtu mwenye haraka, alizunguka maporomoko huku akitikisa kichwa.

"Huko Masimba wamefungua posho mili, kinu cha dizeli," alisema. "Watu wameanza kupanda huko na mizigo yao. Tukikaa hadi mavuno bila maji, hawatarudi. Sheria unaijua, Abner. Mimi sitafurahi kuchukua siku yako, lakini nitaichukua."

"Maji yatapita," Abner alisema.

"Ita risaga," Ogari alisema, akichonga kijiti chake.

"Sipiki busaa, Mzee. Unajua."

"Busaa si neno. Hata ukipika uji, watu wanakunywa uji." Ogari alikipuliza kijiti, akakitazama. "Neno ni kwamba ukiita, nani atakuja?"

Abner aliupitia mlima wote kichwani, boma kwa boma, na katika kila boma alikumbuka shamba ambalo hakulilima. Maneno ya Ogari yalimchoma kwa sababu hayakusemwa kwa ubaya.

Akaanza kuchimba peke yake. Ndugu wa kanisani walikuja Jumapili moja kutoka milima ya mbali, wakaimba, wakachimba vizuri, wakaondoka. Msimu ule kila mtu alikuwa na miche ya chai inayongoja mashimo, na huwezi kumlaumu mtu kwa kuikimbilia miche yake. Abner akabaki na jembe na karai. Alichotoa mchana, mvua ilikirudisha usiku. Akatangaza kwamba atakayekuja kuchimba atapewa unga. Walikuja vijana wawili, wakachimba kwa macho zaidi kuliko kwa mikono, wakabeba unga wao, na hawakuonekana tena. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mgongo ukamkamaa, akawa anashuka mteremko ameshika fimbo kama mzee wa miaka themanini, na mashambani mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu.

Jioni moja alimwambia Drusilla, bila kumtazama, kwamba Jumapili ya baba yake imekwenda.

Drusilla aliteremsha gunia la wimbi kutoka darini, akaanza kupepeta. Abner alidhani ni hasira.

Siku ya pili yake, jua likiwa bado chini ya migomba, Abner alikuwa mferejini aliposikia sauti za wanawake. Alidhani wanakwenda sokoni. Walipotokea kwenye mpindo wa njia aliona majembe mabegani, vikapu na makarai kichwani, mbele yao Drusilla na kibuyu kikubwa cha uji, na nyuma yake Nyamusi, mke wa Ogari, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Walikuwa wengi wa kujaza njia nzima.

Abner alisimama wima kwa taabu, akavua kofia. "Karibuni, mama zangu. Nawashukuru kwa kuja kwangu."

"Hatujaja kwako, Baba Ratemo," Nyamusi alisema, akishusha karai lake. "Tumekuja kwa Drusilla. Hakuna hapa ambaye jembe la Drusilla halijaingia shambani kwake. Wewe shika karai ukae kule chini upokee matope."

Wanawake wakacheka kidogo, wakashuka mferejini. Abner akashika karai, akaenda kule chini, akapokea matope. Mke wake alikuwa juu yake kwenye ukingo, akipanga kazi, huyu hapa na yule pale, na watu wakimtii. Miaka yote hiyo alikuwa amelala nyumba moja na tajiri asijue. Alijiona mjinga, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Lile jiwe ndilo lililowashinda. Walilichimbua pande zote, wakasukuma, likakaa. Lakini saa ya chakula wanaume wa mlima ule walirudi makwao wakakuta majiko baridi, wakashuka mmoja mmoja wakiuliza kulikoni, na kila aliyefika alitiwa mtarimbo mkononi kabla hajamaliza swali. Ogari alikuja wa mwisho. Alilizunguka jiwe, akaonyesha mahali pa kuchomeka mitarimbo, wakavuta pumzi, wakainua, likabingirika hadi kijitoni na kuwarushia wote maji machafu. Kisha wakanywa uji wa Drusilla wakiwa wamelowa, hata wale ambao koo zao hazikuwa zimeonja uji tangu kuachishwa ziwa, na hakuna aliyeuliza kama kuna kingine.

Walirudi kesho yake na keshokutwa. Mahindi mapya yalipokomaa, maji yalikuwa yanapita, na Jumapili ya kwanza ya mavuno foleni ya madebe ilifika hadi barabarani. Abner alitaka kuwasagia wanawake wale bila kuchukua kopo. Nyamusi alikataa, akalichota kopo mwenyewe na kulimimina katika sanduku la unga la Abner.

"Unga si jembe," alimwambia, akajitwika debe lake.

Kinu chenyewe hakikufika mbali, niseme ukweli. Posho mili zilizidi kuteremka kutoka barabarani, na mwaka wa sabini na tano mawe yalisimamishwa, wenye siku wakabaki na siku ambazo hazisagi kitu. Abner hakuomboleza sana. Wakati huo kilima chake kilikuwa chai tupu, na chai ile haikupandwa kwa mikono yake peke yake, wala ya watu wengi haikupandwa bila mikono yake. Hakuna ofisi iliyoliandika jambo hilo. Wageni waliopita na kusifu mlima kwa maendeleo walidhani ni serikali.

Lakini yote hayo yalianza mwaka uleule wa kinu, wiki chache baada ya mavuno, Ogari alipoita risaga ya kutayarisha shamba lake la wimbi.

Abner hakumwambia mtu. Aliamka huku Drusilla akiwa bado amelala, akachukua jembe lake, akavuka ua. Alikuwa wa kwanza kufika. Watu waliofuata walimwona yuko mbali shambani na mgongo wake mbovu, wakatazamana, wakajipanga kando yake. Drusilla naye alikuja, akaona, akashika mstari wake upande wa pili kama kwamba jambo hilo ni la kila siku.

Jua lilipofika utosini vyungu vikatoka. Wanaume wakakaa duara, mirija mirefu ikaingia katika busaa. Abner akafuta jembe kwa majani, akajiandaa kuaga.

"Unakwenda wapi?" Nyamusi alimwita kutoka mlango wa jiko. "Kaa pale."

Chini ya uchaga wa ghala, mbali kidogo na vyungu, palikuwa na kigoda, na kando yake kibuyu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Abner akakaa, akafunua. Ulikuwa uji wa wimbi.

"Mama, huu umepikwa lini?" aliuliza. "Sikumwambia mtu kwamba nakuja. Hata mke wangu."

"Jana. Kama kawaida."

"Kawaida gani?"

Nyamusi alimtazama mumewe. Ogari alikuwa ameshika mrija, macho yamo chunguni, kama haongelewi yeye.

"Mzee aliahidi kukuwekea uji," Nyamusi alisema. "Kila risaga napika. Jioni ikifika hujaja, tunawapa ndama."

"Miaka sita yote?"

"Ndama hawajalalamika."

Abner aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu atazame vidole vyake vya miguu. Aliinua kibuyu, akanywa taratibu, akakimaliza chote, akakifunika tena vizuri kwa lile jani. Kisha akachukua jembe, akarudi shambani. Baada ya vyungu kutoka hakuna mtu anayelima, si desturi, na mmoja wa wanaume alianza kumpigia kelele arudi akae na wenzake.

"Mwacheni," Ogari alisema bila kuutoa mrija mdomoni. "Huyo ana miaka sita ya kulima."