Magoti Mbele ya Simu

Mimi nimesoma madarasa mawili tu, na la pili sikulimaliza. Hata hivyo simu niliitumia kabla ya wengi waliokaa shuleni mpaka wakaota ndevu. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nikiwa mchukuzi katika duka moja pale Bukoba mjini. Tajiri wangu, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, alikuwa nayo ukutani: sanduku la mbao lenye mdomo wa kusemea uliokazwa papo hapo, na kipande cha kuweka sikioni, chenye waya.

Nilikuwa nimeposa Muleba. Baba wa binti alinipa Alhamisi nifike na wazee wangu tupewe jibu. Nisipoonekana siku hiyo, alisema, atamkubali mtu wa Izigo, naye huyo alikuwa na shamba la kahawa, mimi nina chumba cha kupanga Kibeta. Jumatano lori la kutupeleka likavunjika ekseli. Lingine lilikuwa la Jumamosi, na wazee wangu hawakuwa watu wa kutembea mwendo ule kwa miguu.

Bahati yangu, mzee yule alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa, na ghala lilikuwa na simu. Tajiri akazungusha mkono wa sanduku, akaomba Muleba, mzee akaitwa. Nikapewa kile kipande cha sikio.

"Nani?"

Sasa, kwetu mkwe hasalimiwi umesimama kama mlingoti. Nikapiga magoti sakafuni, nikasema, "Kasinge waitu," nikaendelea na salamu zote kama nilivyofunzwa.

"Nani huyo?" akauliza tena. Nikarudia kwa adabu zaidi, kichwa chini. Nikamsikia akimwambia karani wa ghala, "Hamna mtu humu. Ni upepo."

"Simama wewe," tajiri akaniambia. "Mdomo wa simu uko juu, wewe unaiamkia sakafu."

"Nimsalimie mkwe nimesimama?"

"Kwani anakuona?"

"Mimi najiona."

Akasonya, akausogelea mdomo wa simu mwenyewe, maana sauti ya mzee ilivuma hata yeye akaisikia. "Mzee, yupo. Amepiga magoti, ndiyo maana humsikii."

Kimya kirefu. Nilidhani waya umekatika na mke amekwenda Izigo.

"Amepiga magoti huko Bukoba?"

"Yote mawili. Na suruali nilimnunulia mimi."

"Mwambie nimemruhusu asimame."

Nikasimama, nikamweleza habari ya lori kwa pumzi moja. Akasema, "Basi Jumamosi. Lubisi nitaifunika." Ndiyo pombe yetu ya ndizi. Kisha akaanza kuniulizia mama, na migomba, na mvua, mpaka posta wakatukata.

Jumamosi tulifika, jibu likawa ndiyo. Nyumba niliyomjengea binti yule kwa mikono yangu anakaa ndani yake mpaka leo, na hakuna aliyenichangia hata tofali.

Ni yeye aliyenieleza ule ukimya, maana karani aliusimulia Muleba nzima. Mzee aliposikia nimepiga magoti, aliliacha sanduku, akaamuru magunia ya kahawa yapangwe mpaka yafike usawa wa mdomo wa simu. Akapanda, akaketi, akavuta kanzu magotini. Salamu za mkwe, alimwambia karani, hazipokelewi kwa kusimama.