Maji ya Mvua ya Binti Mwishehe

Tabu binti Mwishehe hakuwa mtu wa kuambiwa jambo akaitikia tu. Mumewe, Salumu, alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu huko Bama, ng'ambo ya bahari, na habari ya kifo chake ililetwa na mtu ambaye Tabu hakumjua, akasimama mlangoni, akasema aliyotumwa, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Hakuna kaburi, hakuna nguo, hakuna aliyeona. Tangu siku hiyo chochote chenye harufu ya serikali Tabu alikigeuza juu chini kabla ya kukikubali, na mara nyingi hata baada ya kukigeuza alikikataa.

Alikaa peke yake Mbagala, kwenye shamba aliloachiwa na Salumu kando ya barabara ya Kilwa, enzi zile Mbagala ikiwa mikorosho, minazi na nyumba moja moja. Alifinyanga vyungu, akavibeba kichwani mpaka soko la Temeke, na jioni alirudi na chumvi na samaki. Hakuwa na ugomvi na mtu.

Vuli moja, miaka michache baada ya vita, lori la serikali lilikuja likikokota nyumba. Nyumba kweli: ina mlango, ina madirisha, na madirisha yana mapazia, lakini chini ina magurudumu. Ndani yake alikuwamo mpimaji wa Kizungu. Jumbe, mkuu wa kijiji, akawaonyesha uwanja mtupu uliopakana na muhogo wa Tabu, wakaegesha. Tabu hakuulizwa.

Giza lilipoingia nyumba ile iliwaka. Haikuwa taa ya mafuta, maana taa ya mafuta hucheza na upepo na harufu yake huifikia pua. Huu ulikuwa mwanga mweupe, umetulia tuli kama jicho la mtu asiyepepesa. Tabu aliujua umeme wa mjini: una nguzo, una nyaya, unaona unakotoka. Huu hauna nguzo wala waya. Alisimama uani mpaka umande ukamloanisha.

Siku zilizofuata mvua ilinyesha mfululizo, mto Kizinga ukafurika, njia ya mjini ikakatika. Asubuhi moja dereva wa lile lori akaja.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Tabu aliitikia bila kunyanyuka, mikono imejaa udongo.

Alikuwa mwanamume mrefu, msemo wake wa bara, kifuani msalaba mdogo. Alisema anaitwa Adelard, kwao Bukoba. Suruali yake ilikuwa na vitundu vidogo vidogo, kama mtu aliyerushiwa cheche. Mkononi alishika chupa tupu.

"Naomba maji, mama."

"Kisima kile bondeni."

"Ya kisima yana chumvi, hayafai. Nataka ya mvua. Tena yasiwe yaliyopita kwenye bati wala kwenye makuti. Yaliyoanguka toka juu, moja kwa moja mpaka ndani ya chungu."

Tabu akaacha kufinyanga. "Ya kunywa?"

"Siyo ya kunywa."

"Ya kupikia?"

"Hapana, mama." Akacheka kidogo. "Ya betri. Nilikuja na chupa zake kutoka mjini, zimekwisha, na barabara ndiyo hiyo."

Betri Tabu alizijua, zile za tochi, na hakuwahi kuona tochi ikinywa maji. Aliyewahi kumsikia akitaka maji ambayo hayajagusa chuma wala ardhi ni mganga, tena si mganga wa mambo mema.

"Sina," akasema.

Nyuma yake mitungi ilikuwa imejipanga uani, imejaa mvua mpaka shingoni. Adelard aliitazama, akamtazama na yeye, akasema, "Asante, mama," akaondoka. Adabu ile ilimtia Tabu wasiwasi zaidi. Mtu mwenye haki angebisha.

Mchana ule alimwita jirani yake, Tunu, wakajibanza kwenye muhogo. Adelard alikuwa amefungua sanduku la mbao lililokuwa chini ya sakafu ya nyumba ile. Akatoa bomba la kioo lenye tufe la mpira kichwani. Akalitumbukiza sandukuni, akalibana lile tufe, akaliachia, na maji yakapanda ndani ya kioo. Akaliinua juani, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa.

"Mna kitu chekundu mle ndani," Tunu alinong'ona. "Umekiona? Bomba la kunyonyea lile."

"Nimekiona."

"Mumiani hao, dada."

Hakuna mtu wa pwani asiyewajua mumiani, hao wanaosemwa kwamba hukamata watu, wakawanyonya damu ikafanywe dawa. Tabu alikuwa akizisikia habari hizo tangu utoto, na hakuwahi kuamua kama ni kweli. Sasa upepo uligeuka ukawaletea harufu ya mayai viza, na baada ya kitambo Adelard akapanda kwenye lori, akawasha injini. Lori likanguruma, likatetemeka, lisiende popote.

"Halina safari," Tunu akasema, "linapigiwa kelele ya nini?"

"Ya kuziba sauti," Tabu alijisikia akisema, na mara maneno yalipomtoka mdomoni akajuta, kwa sababu alimjua Tunu. Kabla ya magharibi kila nyumba ilikuwa imeambiwa kwamba binti Mwishehe amesema injini ile ni ya kuziba vilio.

Labda yangeishia hapo. Lakini Kondo, mgema tembo aliyekuwa akipita kila siku na kibuyu chake, siku ya pili hakuonekana. Mnazi aliokuwa ameuanza ulikutwa na kamba yake, yeye hayupo. Mkewe akaanza kulia. Alasiri wanaume wakakusanyika na mapanga, mbele yao kaka yake Tabu, mtu wa hasira za karibu.

"Wewe ndiye uliyeona," alimwambia dada yake. "Twende ukashuhudie."

"Nitakwenda. Lakini ninatangulia mimi. La mume wangu niliambiwa tu. Hili nitaliona kwa macho."

Walimkuta Adelard peke yake. Bwana mpimaji alikuwa ameondoka jana yake na vibarua kuelekea Chamazi. Adelard aliyaona mapanga, lakini hakukimbia.

"Kondo yuko wapi?" kaka yake Tabu akauliza.

"Kondo ndiye nani?"

"Anamkana!" Tunu akapiga ukelele kutoka nyuma.

"Fungua sanduku," Tabu akasema.

Akafungua. Ndani mlikuwa na masanduku meusi madogo yenye vizibo, nyaya nene zimetoka humo zikapenya juu sakafuni. Akachukua lile bomba, akanyonya. Kilichopanda kilikuwa cheupe kama maji, na ndani yake kilielea kijiti cha kioo chenye mstari mwekundu.

"Huo wekundu ni alama tu, mama. Kijiti kikielea juu, betri imeshiba. Kikizama mpaka hapa, ina njaa. Tazama, kimezama."

Tabu akanyoosha kidole aguse. Adelard akamdaka mkono kwa nguvu. Papo hapo kaka yake Tabu akainua panga.

"Inaunguza!" Adelard alipiga kelele. "Mwambieni aache! Inaunguza!"

"Kaka, tulia!" Tabu hakuutoa mkono wake. Alimwangalia yule mtu usoni, na alichokiona kilikuwa hofu, hofu ya mtu wa kawaida anayetaka kufika kesho. "Onyesha."

Adelard akadondosha tone moja kwenye pindo la suruali yake. Wote wakainama. Nguo ikabadilika rangi, na alipoivuta kwa kidole ikatoboka, tundu jipya kando ya yale ya zamani.

Kisha akawaeleza. Lori likitembea mchana huzilisha betri, na usiku betri huwasha taa za bwana, feni yake na redio yake. Sasa mvua imewafunga, lori halitembei, basi huliwasha limesimama ili zipate angalau kidogo, naye petroli inamwishia. Na dawa iliyomo hupungua, lazima iongezwe maji yasiyo na chumvi wala kutu, la sivyo betri hufa. Akabonyeza swichi mlangoni. Taa ndani ikawaka nyekundu, dhaifu, kama kaa linalokufa.

Tabu akapanda, akachungulia. Kitanda, feni, redio, viatu vya bwana. Akafunua hata godoro.

Alikuwa bado mle ndani aliposikia mke wa Kondo akipiga vigelegele. Bwana mpimaji alikuwa akitokea porini na vibarua wake, na mmoja wao alikuwa Kondo, mzima, begani amebeba mti mrefu wa kupimia, uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Alikuwa ameitwa kazini akiwa juu ya mnazi, akashuka, akaenda, hakuona haja ya kumwambia mtu. Watu wakacheka, mapanga yakashuka, kaka yake Tabu akamwomba Adelard radhi. Bwana aliuliza kuna nini, Adelard akamwambia wamekuja kutazama taa.

Tabu hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mti. Alipolala alilala nao kichwani, na asubuhi aliuchukua mtungi wake mmoja, akaufunika kanga, akaupeleka mpaka kwenye lori.

"Maji yako haya. Hayajagusa bati."

"Mungu akubariki, mama."

"Ngoja kwanza." Akaweka kiganja juu ya mtungi. "Bwana wako anapima nini?"

Adelard akatazama pembeni. Mtu aliyevumilia panga bila kukimbia sasa alishindwa kumtazama mwanamke. "Mimi ni wa usukani na betri tu, mama."

"Usiku taa inawaka. Anafanya nini chini ya taa?"

"Anatandika ramani," Adelard akasema. "Nampelekea chai, naona. Barabara mpya, pana, ya malori makubwa. Imenyooka. Imepita..." Akaelekeza kidevu kwenye paa la Tabu. "Usiseme umeyapata kwangu."

Tabu akamwachia mtungi. Hakwenda nyumbani, alikwenda kwa Kondo, akamwambia, "Nionyeshe mlikopiga vigingi." Kondo akamwonyesha. Kimoja kilikuwa katikati ya muhogo wake. Alisimama hapo, akatazama kule kulikofyekwa, akageuka, na mstari ule ule ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wake wa nyuma.

Walimcheka alipoanza kujenga upya ng'ambo ya mikorosho, yeye na kaka yake, wakikata miti na kukandika udongo. Jumbe alisema bwana mwenyewe amemhakikishia kwamba kupima si kuchukua. Tunu alisema dada ameingiwa na wazimu wa ujane. Tabu alikandika. Ile nyumba ya magurudumu iliondoka mto ulipopungua, na Adelard alimpungia mkono kutoka dirishani.

Katapila lilikuja baada ya masika kubomoa nyumba zilizokuwa kwenye mstari ule. Tunu alipewa muda mfupi tu wa kutoa vyombo, akabeba kitanda chake kichwani, akaja kwa Tabu, yule yule aliyekuwa amemwita mwendawazimu, akakaa naye mpaka alipopata pa kujenga.

"Ulimwamini vipi yule dereva Mhaya?" alimwuliza siku moja, wakichanganya udongo.

"Nani kamwamini? Nilikwenda nikaona kigingi."

Tunu akaguna. Barabarani malori yalipita yakitimua vumbi jekundu, na Tabu akahamisha vyungu vyake vibichi upande wa pili wa nyumba, vumbi lisivifikie kabla havijakauka.