Nilivyoziba Pumzi ya Lori

Mzee Rajabu, dereva wa lori la Koboko, aliniamini peke yangu katika gereji yetu ya Arua nibadilishe kikausha hewa, chombo kinachotoa maji kwenye hewa ya breki. Nilipowasha injini, kikapiga pshh! Nikadhani kinavuja. Niliona haya kuuliza, nikaziba tundu kwa kitambaa changu chenye maua ya kushona, zawadi ya siri ya Asha, binti yake. Nikajiona fundi mkuu.

Mzee akaja, akasikiliza. "Kijana, mbona gari iko kimya? Hii kitu lazima iteme maji, ndio breki ishike."

Kabla sijajibu, pah! Kitambaa kikaruka, kikatua kwenye viatu vyake, kimelowa oili. Akakiokota, akakitazama sana.

"Hii maua ni mkono ya Asha yangu," akasema polepole. "Enda fua, mwanangu, kabla yeye hajaona."